Silinda Nane Hadi Songambele

Tangu nirudi, marafiki zangu, hamjaniacha ninywe chai ikiwa bado ya moto. Kila anayenikuta ananivuta kando: "Hebu sema, kwa Mzee ilikuwaje?" Nimesimulia mara nyingi, na kila mara yuko mmoja wenu anayenikatiza pale pale mambo yanaponoga. Sasa naandika. Karatasi haikatizwi.

Kwa yeyote atakayezikuta kurasa hizi bila kunifahamu, ya kujua ni machache. Mimi ni kijana wa Morogoro ninayeishi Dar es Salaam, na nimeandika riwaya moja na nusu. Nampenda Dafroza, mkutubi, binti wa wafugaji wa Songambele, huko Karagwe upande wa Kyerwa. Na nina gari la Kimarekani.

Gari nilipewa na mjomba wangu. Alikuwa mpishi wa meli, akakaa Amerika miaka mingi, akarudi nalo. Mgongo wake ulipokataa kuinama akanikabidhi funguo. Milango miwili, boneti ndefu kama kitanda, silinda nane, rangi ya njano ya ndizi iliyoiva, usukani upande wa kushoto. Ukilikanyagia mafuta halikimbii papo hapo. Kwanza linashusha pumzi kama mtu aliyeudhiwa, halafu kiti kinakusukuma mgongoni na miti ya kando ya njia inaanza kukimbilia nyuma. Nililipenda kupita kiasi. Kuna usiku niliacha sura nzima ya riwaya katikati ya sentensi nikaenda kulifuta vumbi.

Kisha ikaja barua ya Dafroza, aliyekuwa amekwenda likizo kwao. "Baba anasema kabla hujatuma wazee uje mwenyewe, akuone. Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Anauliza hivi: mtu anayeishi kwa kuandika mambo ambayo hayakutokea, atamwambia mke wake ukweli siku gani?"

Niliisoma mara tatu. Halafu nikatazama dirishani, nikaliona gari, nikadhani nimepata jibu. Kazi yangu haionekani kwa macho. Gari linaonekana, na tena linasikika kabla halijaonekana. Litasema badala yangu.

Dar es Salaam hadi Singida

Niliondoka alfajiri ya Ijumaa, siku nane kabla ya Jumamosi hiyo. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika ukungu, nami nikaushukuru, maana sikutaka inione nikipita nyumbani bila kumwamkia mama. Baada ya Gairo barabara ilinyooka. Nikakanyaga. Sitasema mshale wa mwendo ulifika wapi, kwa kuwa mmoja wenu ameolewa na trafiki. Nitasema tu kwamba upepo uliniimbia sikioni kwa sauti ambayo nimeitafuta katika sentensi zangu miaka minne bila kuipata.

Dodoma, lami iliisha. Iliisha kama hadithi ya mwandishi mvivu, bila kumwandaa mtu. Tumbo la gari langu liko kiganja na nusu juu ya ardhi, na barabara ya Singida ina mawe yanayojua hivyo. Nilitambaa siku nzima na nusu ya siku ya pili. Malori yalinipita. Basi lilinipita. Karibu na Manyoni, mtu mwenye baiskeli na kuku watatu alinipita, akageuka nyuma na kunipungia mkono kwa huruma.

Kahama hadi Biharamulo

Mvua ilinipokea nje ya Kahama. Kufikia saa nane mchana gari lilikuwa limekaa juu ya tope kama kuku anayeatamia. Mkulima mmoja wa Kisukuma alitoka shambani na maksai wanne, nira mabegani mwao, mnyororo ukiburuzwa nyuma.

"Hili ni gari au mtumbwi?" aliuliza.

"Gari, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona limelala?"

"Limechoka."

"Hawa hawachoki," alisema, akaufunga mnyororo. Akapiga mluzi. Maksai wakainamisha vichwa, wakavuta mara moja, na gari likatoka kwa sauti kama busu kubwa. Nilipotaka kumpa chochote alikataa. Alichotaka ni kusikia injini. Nikaiungurumisha mara mbili, naye akasikiliza akiwa amefumba macho kama mtu aliye kanisani, kisha akarudi shambani.

Nikaondoka na somo nililoliona ni hekima safi: huku bara, ukinasa, agiza ng'ombe.

Biharamulo hadi Ihembe

Njia ya Muleba ilining'olea ekzosi. Jiwe moja, mkato mmoja, na kuanzia hapo gari halikunguruma tena. Lilipiga radi. Nilipofika Kyaka bibi mmoja alikuwa anawaburuta mbuzi wake ndani ya nyumba. Nikazima injini, nikashuka, nikamwamkia kupitia tundu la mlango.

"Ni wewe tu?" alisema. "Vita vya mwaka sabini na nane vilianza na mlio kama huu. Nimeshawaficha mbuzi, na nilikuwa nakuja kuwaficha kuku."

Nikamwomba radhi yeye na mbuzi wake. Akanipa gonja ya kuchoma, ndizi ndefu iliyoiva vizuri, tamu hadi kwenye ncha, akanishauri niwe napiga honi kabla ya kuwasha gari.

Ihembe nilipokelewa na Shangazi Paskazia. Ni dada yake Mzee Kabera, baba yake Dafroza, na aliolewa huko kwenye migomba na mibuni. Alitoka mlangoni akisema "Kaije, kaije," yaani karibu, akalizunguka gari mara mbili mikono ikiwa kiunoni. Ni mama mwenye mwili.

"Milango mingine iko wapi?"

"Ni hii miwili tu, Shangazi."

"Na mimi naingilia wapi?"

Nikaanza kuupima mlango kwa macho. Akacheka, akanivuta ndani. Nikala katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, hadi mkanda ukaomba msamaha. Nikamwomba kahawa. Akaniletea kikapu kidogo chenye matunda makavu ya kahawa, yakiwa na maganda yake. Nikasubiri maji ya moto. Nikasubiri sana. Mume wake, mtu asiye na maneno mengi, alichukua matunda mawili akayatia mdomoni na kutafuna polepole huku akinitazama, kama mtu anayemfundisha ndama kula majani. Nikatafuna na mimi. Ilikuwa chungu, halafu ikawa na harufu ya moshi na nyasi, halafu nikaelewa kwa nini wageni wa huku wanapewa hiyo kabla ya maneno yoyote.

Jioni Shangazi alianza kunifunda.

"Ukipewa maziwa, kaa chini. Usinywe umesimama kama mtu anayekimbia polisi. Usihesabu ng'ombe kwa kidole. Usimuulize kaka yangu anao wangapi. Leo umekula maharage kwangu. Kule usiyataje, hayakai tumbo moja na maziwa."

Alinionya mambo kumi na moja, nikayaandika yote kwenye daftari. La kumi na mbili hakulisema, na simlaumu. Hakuna mtu wa kwao ambaye lingemjia kichwani.

Omurushaka

Jumatano nilifika Omurushaka tanki likiwa kavu. Petroli ilikuwa inakuja kutoka Bukoba kwa pipa, na pipa lilikuwa linakuja kwa lori, na lori, waliniambia, lilikuwa linakuja. Nilikaa siku mbili. Siku ya soko watu walilizunguka gari kwa tabaka. Mbele kabisa alisimama Mama Editha, muuza ndizi wa Kaisho, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde.

"Linabeba mikungu mingapi?" aliniuliza.

"Halijatengenezwa kwa mikungu, mama."

"Magunia?"

"Hapana."

"Watu je?"

"Wawili. Mmoja ni mimi."

Alipiga mahesabu yake kwa vidole. "Kwa hiyo injini yenye sauti ya malori mawili, inabeba mtu mmoja na dereva."

"Ndiyo."

"Aliyelitengeneza hakuwa na ndugu," alisema, na umati wote ukakubali kwamba huo ndio ukweli wa jambo lile.

Lakini petroli ilipofika, Ijumaa alasiri, Mama Editha alikuwa wa kwanza kufungua mlango. Alikuwa na debe la maharage na kapu, naye alisema kama kuna nafasi ya mtu mmoja basi mtu huyo ni yeye.

Omurushaka hadi Kaisho

Sasa fikirini. Usukani wangu uko kushoto. Huku kwetu dereva anakaa kulia. Mama Editha alikaa kulia, kitambaa kichwani, kapu mapajani, mikono miwili juu ya kapu. Kijiji kizima baada ya kijiji kizima kilisimama kutazama mama anayeendesha radi ya njano bila kushika kitu. Yeye aligundua mapema kuliko mimi. Akaanza kuwapungia.

Penye kizuizi, mlinzi alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha lake.

"Mama, leseni."

"Ninayo ya kuuza ndizi."

"Ya kuendesha."

"Muulize huyu," alisema akininyooshea kidevu. "Nimemwajiri."

Mlinzi alizunguka akaniona, akaona usukani, akauliza kama nimetoka Rwanda. Nikasema nimetoka Dar es Salaam. Akaniuliza kama Dar es Salaam siku hizi wamehamia upande wa kulia wa barabara. Nilipomaliza kumweleza, Mama Editha alikuwa ameshawauzia wenzake mlinzi nusu ya maharage.

Huko Kaisho, Mama Editha alinilaza kwa shemeji yake. Asubuhi, akiwa ameshika mlango wa gari, aliniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia kila kitu, barua na yote.

"Mzee Kabera," alisema. "Mtu mzuri. Ana maneno machache, na kila moja ameliweka juani likakauka." Akaufunga mlango kwa upole. "Ukifika kwake usizungumzie gari. Zungumzia ng'ombe."

Lilikuwa shauri jema. Mtaona nilivyolitumia.

Bondeni

Jumamosi, saa sita mchana, niliona boma la Mzee Kabera. Njia ya Songambele inashuka kwenye bonde jeusi, inavuka kijito, kisha inapanda kwenye nyasi zilizo wazi hadi angani. Juu ya mteremko palikuwa na ua wa miti na moshi mwembamba, na ng'ombe wenye pembe ndefu wametapakaa kama wameandikwa kwa mkono. Moyo wangu ulikuwa mkubwa kuliko boneti. Nikakanyaga ili wanisikie nikija.

Walinisikia. Halafu wakasikia nilivyonyamaza. Katikati ya bonde gari liliketi, matairi yakazunguka bure, tope likaingia hadi kwenye mlango.

Nilikuwa bado nimesimama nimeshika viatu mkononi alipokuja mtu mwenye baiskeli iliyobeba mikungu mitatu. Aliitwa Nzeyimana, mtu wa asili ya Burundi, kibarua wa siku nyingi kwa Mzee Kabera. Nikafurahi. Nikamwambia mimi ndiye mgeni wa leo, nimenasa, na kama angeweza kunipelekea ujumbe.

"Nimwambie nini Mzee?"

"Mwambie namwomba ng'ombe wanne na kamba ndefu. Watanivuta mara moja tu."

Nzeyimana alinitazama. Akatazama gari. Akanitazama tena.

"Niseme hivyo?"

"Sema hivyo hivyo."

"Kwamba Mzee awafunge ng'ombe wake kamba."

"Ndiyo. Wanne watatosha."

"Wanne," alisema. Akailaza baiskeli yake kwenye nyasi taratibu, kama mtu anayekwenda msibani, akapanda mteremko bila kugeuka.

Nilisubiri nikijisikia mtu mwenye akili. Baada ya muda niliona watu wakishuka. Mbele alikuwa mzee mrefu, koti jeusi, kofia, buti za mpira, fimbo nyembamba begani. Nyuma yake wanaume watano, na Nzeyimana akiwa wa mwisho kabisa. Kando ya mzee alitembea ng'ombe mmoja jike, mwekundu wa kukolea, pembe zimepanda juu na kufunguka kama mikono ya mtu anayepokea mzigo. Hakuwa na kamba. Hakuna aliyemswaga. Alitembea kwa kuwa mzee alitembea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeomba wanne. Nimekuletea mmoja."

"Asante, Mzee, lakini mmoja hata—"

"Anaitwa Bihogo. Mwombe mwenyewe."

Nikatazama nyuso za wale wanaume. Mmoja alikuwa anatazama viatu vyake. Hapo ndipo nilipojua kwamba limetokea jambo.

"Mzee, kama nimekosea…"

"Mwombe. Mwambie, Bihogo, nimetoka mbali, nina chuma changu kimelala, inama nikufunge shingo uvute."

Sikuweza. Ng'ombe alinitazama kwa macho makubwa yenye maji, bila hasira.

"Nilikopita, njia ya Kahama, ng'ombe walinitoa," nilisema. "Nilidhani ni hivyo kila mahali."

"Huko ni huko. Hatuwacheki. Huku ng'ombe hajawahi kubeba hata kamba." Hakupandisha sauti. "Mama yangu alitoka Rwanda na watoto wawili na ng'ombe mmoja. Mimi nilikuwa yule mdogo. Aliyetufikisha hapa ni bibi wa bibi yake huyu, kwa maziwa yake. Nikimfunga huyu kamba, nitakuwa nimemfunga nani?"

Nikasema nisamehe, Mzee. Nikasema tena.

"Usiniombe mimi. Kwangu ng'ombe aliyevunjiwa heshima husifiwa mbele ya watu, na anayemsifu ni yule yule aliyemkosea. Jioni, wakirudi. Nasikia maneno ndiyo kazi yako." Akageuka. "Ukishindwa, vijana watakusukuma hadi ng'ambo ya bonde, na utakwenda salama. Binti yangu atabaki."

Kisimani na zizini

Zilibaki saa chache kabla ya jioni. Niliacha gari kwenye tope na nikamwomba Nzeyimana anipe kazi karibu na ng'ombe. Alinipeleka kisimani. Kazi ni kuteka maji na kuyamimina kwenye birika refu la udongo ambamo ng'ombe wanakunywa. Nilimimina hadi viganja vikachubuka.

"Ungeniambia," nilimwambia.

"Nilikuuliza mara mbili."

"Ungeuliza mara ya tatu."

"Ya tatu ingekuwa kumfundisha mgeni," alisema Nzeyimana. "Hata hivyo, bwana, nimekaa kwa Mzee miaka mingi. Ujumbe kama ule mtu anaupeleka mara moja katika maisha." Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikaanza kucheka na mimi, nikiwa na hofu kubwa, na kicheko cha hofu ndicho kinachouma mbavu zaidi.

Nikamtazama Bihogo mchana kutwa. Sijawahi kutazama kitu hivyo. Hata gari langu sijalitazama hivyo.

Jua lilipolalia vilima vya ng'ambo ya Mto Kagera, ng'ombe walirudi. Moto wa samadi ulikuwa unatoa moshi zizini ili kufukuza inzi. Wanaume walikaa. Nyuma ya ua niliona vitenge vya wanawake, na najua macho ya nani yalikuwa hapo. Mzee Kabera aliniashiria kwa fimbo. Bihogo alisimama katikati.

Nikafungua kinywa kama mtu wa mjini.

"Bihogo, pembe zako ni mwezi…"

Mtu alikohoa.

"Mwezi kila mtu anao," alisema Mzee Kabera. "Sema ulichokiona wewe."

Marafiki zangu, tumekaa vikao vingapi tukihakikiana kazi zetu? Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia jambo la maana kama hilo. Nikafumba macho. Nikaanza upya, kwa Kiswahili changu, polepole, na Nzeyimana akawa ananitafsiria kwa wazee wasiokijua vizuri.

"Bihogo, mwenye kunywa wa mwisho. Ulisimama kando ya birika mpaka ndama wa wengine wakashiba. Uliweka mdomo majini, na maji hayakujua umeingia. Mtu alikuja bondeni akipiga kelele za radi. Ng'ombe wote walikimbia, wewe uligeuka kutazama nani analia. Ukaitwa kuvuta chuma. Ulishuka mlima bila kamba, ukakitazama chuma, na chuma kikazidi kuzama kwa aibu."

Wazee walitoa sauti ya chini kooni, wote pamoja, kama mlango mzito unaofunguka. Mmoja alicheka hadi akashika magoti. Mzee Kabera hakucheka. Alisimama, akainua fimbo, akaanza yeye kuwasifu ng'ombe wake kwa lugha yake, mmoja mmoja, haraka, bila kuvuta pumzi, na kila aliyetajwa aligeuza sikio. Sikuelewa neno. Nilielewa kila kitu. Nikajua nimesimama mbele ya mwandishi mkubwa kuliko sisi sote, ambaye hajawahi kununua kalamu.

Alipomaliza aliniambia neno moja tu: "Keti." Nikaketi. Dafroza akatoka na chombo cha mti cha maziwa, hakunitazama usoni kama inavyopasa, lakini chombo alikuwa amekijaza kupita kiasi na povu likanidondokea mguuni. Nikanywa nimekaa. Nilikwenda kulala bila kujua kama nina mchumba au sina.

Uwandani

Baada ya misa ya Jumapili wanaume kumi na wawili walishuka bondeni, wakakata nyasi, wakatandika matete, wakaliinua gari kwa mikono yao wakiimba. Nilitaka kuwashukuru, Mzee Kabera akanikatisha.

"Mimi nataka kujua linachokikimbilia."

Kumwingiza kulichukua muda. Alikunja goti, akakunja goti la pili, akavua kofia, fimbo ikabaki imechomoza dirishani. Tulipanda hadi uwandani, kwenye nyasi fupi na ardhi ngumu iliyosafishwa na mvua, hakuna jiwe, hakuna mti.

"Sasa," alisema.

Nikakanyaga. Gari likashusha pumzi yake, kiti kikatusukuma, na nyasi zikawa maji. Vilima vikaanza kugeuka taratibu huku sisi tukipita katikati kama mkuki. Nilimchungulia Mzee. Kofia alikuwa ameibana magotini, macho yamefumbuliwa kama ya mtoto, meno yote yako nje.

"Hapo ndipo mwisho wake?" aliniuliza kwa kupaza sauti.

"Bado kidogo, Mzee."

"Basi mwache."

Nikamwacha. Tulizunguka uwanda mara tatu. Niliposimamisha, masikio yetu yalikuwa yanavuma, na Mzee alikaa muda mrefu akiwa ameweka kiganja juu ya dashibodi, pale panapopata joto, kama anavyomwekea ng'ombe mgongoni.

"Ana nguvu," alisema mwishoni. "Nguvu za kweli. Ila hana ndama."

"Hana, Mzee."

"Na anakunywa sana."

"Sana."

Aliitikia kwa kichwa, bila kumlaumu mtu. Tulirudi bomani polepole. Kumtoa kulihitaji watu watatu: Nzeyimana alishika mkono mmoja, mimi mwingine, na kijana wake mkubwa akavuta buti. Alipokwisha kusimama wima alijinyoosha, akavaa kofia, akaliangalia gari kutoka juu hadi chini, yaani hakuangalia mbali.

"Baba yako ana umri gani?" aliniuliza.

"Amevuka sitini, Mzee."

"Na hao baba zako wadogo?"

"Wanamfuata kwa karibu."

"Basi mkija nao msije na hili. Watafika wamekunjika, na wazee hawazungumzi habari za mtoto wa watu wakiwa wamekunjika. Njooni na lori. Njooni kiangazi. Na likinasa pale chini, washuke wasukume wenyewe."

Nilisema ndiyo, Mzee. Nilisema ndiyo kabla sijaelewa nilichokuwa nimepewa. Nyuma ya ua mwanamke mmoja alipiga kigelegele, wa pili akapokea, na Nzeyimana akaniambia taratibu nifunge kinywa, inzi wataingia.

Hayo ndiyo yaliyotokea, yote, bila chumvi. Kiangazi hakiko mbali. Nani kati yenu anamjua mtu mwenye lori?